MAJI YA CHINI YA MJI
Somo kwa wamama wa kliniki: kurudisha tingatinga la kando ya ziwa, na sauti ya mama katika shauri hilo



Kila mara mvua inapoanza kunyesha kwa nguvu, mizani ya kliniki inatuonyesha jambo lile lile. Mtoto aliyekuwa ameongeza uzito anarudi amepungua. Tunauliza, "Ana nini?" Mama anajibu, "Anaharisha." Tunampa maji ya chumvi na sukari, tunampa zinki, anapata nguvu, anakwenda nyumbani. Baada ya majuma machache yuko tena mbele yetu. Dawa inamsaidia mtoto, lakini haiwezi kusafisha mto unaopita nyuma ya nyumba yake.

Kwa hiyo leo hatutazungumza sana juu ya dawa. Tutazungumza juu ya mahali ambapo maji ya mtaa yanaingia ziwani: yale matope yenye matete na mafunjo, ambayo wengine wanaita tingatinga na wengine wanaita mare. Kuna siku watu wa komini, au watu wa mradi fulani, watakuja katika mtaa wako kusema wanataka kutengeneza mahali pale. Siku hiyo mama anapaswa kuwa na la kusema. Somo hili ni la kukutayarisha.

MJI WETU NA MAJI YAKE

Ukitazama Bukavu kutoka juu, utaona mji umeingia ndani ya Ziwa Kivu kama mkono wenye vidole vitano. Kati ya kidole na kidole kuna ghuba, maana yake sehemu ya ziwa iliyoingia katika nchi, ambapo maji yametulia. Ziwa lenyewe liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na vilima vyetu viko juu yake zaidi. Basi kila tone linaloanguka Kadutu, Ibanda au Bagira linatafuta njia ya kuteremka. Mto Kawa unapita katikati ya nyumba za Kadutu na kushuka ziwani. Upande wa Bagira kuna Nyamuhinga na Wesha. Na kuna vijito vingine vingi visivyo na jina, ambavyo vinaonekana tu siku ya mvua.

Maji haya hayashuki peke yake. Yanachukua udongo wa kilima kisicho na miti tena. Yanachukua kinyesi cha choo kilichojaa. Yanachukua sashe, chupa za plastiki, maji ya sabuni, matumbo ya kuku ya soko. Yote yanafika chini, katika ghuba. Na katika ghuba ile ile kuna watoto wanaooga, kuna mama anayefua nguo, kuna mwingine anayechota bidoni ya litri 20 sababu bomba la Regideso halifiki kwake, au linafika lakini leo halitoi kitu.

Uchafu hauishi pale. Maji ya ziwa yanatoka kwa mlango mmoja tu, ndio mto Ruzizi, na mlango huo uko hapa kwetu. Mwaka 2021 watu wa mbali walisoma habari za mji wetu sababu takataka za plastiki zilikuwa zimejaa mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi na kuharibu mashine. Chupa iliyotupwa katika mtaro wa Kadutu ilikwenda kuzima taa, na kuzima taa ya wodi ya wazazi pamoja na taa ya baa. Sijui kama wale waliotupa walifikiri hivyo. Mtu anapotupa sashe mtaroni anafikiri imekwisha.

TINGATINGA LINAFANYA KAZI GANI?

Mama anajua kazi hii bila kwenda masomo. Ukichota maji ya mto yenye udongo, unayaacha katika ndoo yatulie. Baada ya saa kadhaa udongo umelala chini, na maji ya juu yamekuwa meupe kidogo. Tingatinga ni ndoo kubwa ya namna hiyo. Maji yanashuka kilima kwa mbio, yanakutana na matete, yanapunguza mwendo. Yakipunguza mwendo, udongo unashuka chini. Pamoja na udongo, sehemu kubwa ya vijidudu na mayai ya minyoo inashuka pia.

Kisha yanapita polepole kati ya mizizi. Mizizi inakula ule uchafu unaofanana na mbolea, ndiyo sababu mafunjo yanakuwa marefu kuliko mtu. Jua nalo linafanya kazi. Vijidudu vingi vya tumbo haviishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu. Kadiri maji yanavyochelewa njiani, ndivyo vinavyokufa. Maji yakifika ziwani yamepungukiwa na ubaya, ingawa bado si ya kunywa. Mvua ikiwa kubwa sana, tingatinga linapokea maji mengi kwa mara moja na kuyatoa kidogo kidogo, na nyumba za chini zinapona.

Sasa fikiri kama tingatinga limejazwa udongo kwa kujenga, au limechimbwa kwa matofali, au matete yake yamekatwa yote. Maji ya kilima yanapita moja kwa moja kama kwa bomba, na kila kitu kilicho ndani yake kinafika ziwani mbichi.

Wenzetu wa Kampala, Uganda, waliona jambo hili kwa macho. Kule kuna tingatinga linaloitwa Nakivubo. Maji machafu ya katikati ya mji yanapita ndani yake kabla ya kuingia Ziwa Victoria, na si mbali na pale, upande wa Ggaba, ndipo mji unachota maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 wataalamu walihesabu: kama tingatinga lingekufa, mji ungetumia zaidi ya dola milioni 1 kila mwaka kufanya kwa mashine kazi ambayo mafunjo yalikuwa yanafanya bure. Hata hivyo watu waliendelea kulima majimbi ndani yake, na viwanda na nyumba vikaendelea kulisogelea. Sisi hatuwalaumu wale waliolima. Mtu mwenye njaa analima pale alipo. Lakini unaona namna mji unaweza kuua mtumishi wake bila kujua alikuwa mtumishi.

Jambo lingine lijulikane. Tingatinga haliwezi kila kitu. Haliwezi kula plastiki. Haliwezi kusafisha mafuta ya gari, wala maji yenye dawa kali ya kiwanda, wala damu na sindano za hospitali. Kila hospitali inapaswa kuwa na shimo lake na tanuru lake. Na kama choo cha kila nyumba kinafunguliwa katika mto siku ya mvua (tunajua mitaa ambako wanafanya hivyo usiku), hakuna mafunjo ya kutosha Kivu nzima.

"LAKINI MAMA MUGANGA, NA MBU?"

Swali hili linakuja kila mara, na ni swali zuri. Mama anasema: "Munatufundisha kutoa mayi yenye kusimama karibu na nyumba, sasa munasema turudishe mare. Si tutakufa na malaria?"

Mbu wa malaria hapendi maji yote. Anapenda maji yaliyosimama, yasiyo na kina, yanayopata jua: shimo la matofali, alama ya kwato za ng'ombe, mtaro ulioziba, mfereji kati ya tuta na tuta la shamba. Mbu akitaga pale, mtoto wa mbu anakuwa mbu kamili kwa majuma mawili au chini yake. Ndani ya mafunjo yaliyofungamana kuna kivuli na baridi, na kuna samaki na wadudu wanaokula watoto wa mbu.

Kule Kabale, katika vilima vya kusini-magharibi ya Uganda, nchi ya baridi kama yetu, uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya tingatinga lenye mafunjo yake na vijiji vilivyo kando ya tingatinga lililogeuzwa shamba. Walikuta kwamba penye shamba joto lilikuwa limepanda, na nyumba yenye joto zaidi ilikuwa na mbu wa malaria zaidi. Kwa hiyo tingatinga lililoharibiwa nusu ndilo baya kuliko yote: si kavu, si zima. Kama mradi unachimba mashimo na kuyaacha wazi, hapo mama ana haki ya kulalamika kwa sauti kubwa. Na chandarua kinabaki juu ya kitanda, tingatinga liwe zima au liharibike.

NEHEMIA ALIANZA NAMNA GANI?

Wengi wenu munajua habari ya Nehemia katika Biblia. Alisikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Alipofika hakuanza kuamuru. Kwanza alizunguka usiku, yeye na watu wachache, akatazama kila mahali palipovunjika. Kisha aliita watu, akawaeleza, wakakubali kuanza kazi. Na ukisoma sura ya tatu, ile sura ambayo wahubiri wengi wanairuka sababu ya majina mengi, utaona kwamba watu wengi walijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba yao wenyewe. Utaona pia mkubwa mmoja aliyejenga pamoja na binti zake. Wanawake walikuwa pale, na majina ya jamaa zao yaliandikwa.

Tunaleta habari hii sababu kuna njia mbili za kutengeneza tingatinga la mji. Njia moja: wakubwa wanachora ramani ofisini, mashine inakuja, watu wanaondolewa, miti inapandwa, picha inapigwa. Baada ya mwaka, matofali yamerudi, na takataka zimerudi. Salongo ya kulazimishwa ya miaka ya Zaire wazee wenu wanaikumbuka. Mtu alifagia sababu ya kuogopa, na alipoacha kuogopa aliacha kufagia.

Njia ya pili ni ya Nehemia: kutazama kwanza, kuulizana, kukubaliana nani anajenga wapi. Njia hii ni ndefu na ina maneno mengi. Sisi tunaipendelea, na tutaeleza kwa nini.

Katika Dar es Salaam, mji mkubwa wa Tanzania, kuna mto Msimbazi. Sehemu yake ya chini, karibu na bahari, ni bonde la matope ambalo watu maskini walijenga ndani yake kwa miaka mingi, sababu kiwanja kilikuwa rahisi na kazi ilikuwa karibu. Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko, na watu zaidi ya 40 walikufa katika mji ule. Serikali ilihamisha jamaa nyingi kwenda Mabwepande, mbali pembeni ya mji. Viwanja walipewa. Lakini soko liko wapi? Kazi iko wapi? Shule iko wapi? Wengine walirudi bondeni, wakajua mafuriko yatakuja, na wakarudi tu.

Mwaka 2018 walijaribu namna nyingine. Tangu Januari mpaka Agosti waliketi mara nyingi pamoja: watu wa serikali, wahandisi, watu wa vyuo, na wakaaji wa bonde wenyewe. Walichora, wakaulizana, wakafuta, wakachora tena. Wakaaji walionyesha maji yanafika wapi kweli, si wapi ramani inasema. Mwisho walipata mpango: sehemu ya chini kabisa iachiwe maji, majani na miti, udongo uzuiwe juu kabla haujashuka, watu wajenge mahali palipoinuka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Ilipofika saa ya kulipa fidia, yaani malipo ya kile mtu anachopoteza, wengine walilalamika kwamba walichopewa hakitoshi kununua kiwanja kingine. Jambo la fidia ni zito kuliko jambo la matete. Mulikumbuke hilo.

Na sisi Wakongo, je, tuna haki ya kuulizwa? Ndiyo. Katiba ya mwaka 2006 inasema kila mtu ana haki ya kuishi mahali pasipodhuru afya yake. Na sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira inampa kila mtu haki ya kupata habari na kushiriki katika mashauri ya namna hii. Haisemi kila mwanaume. Inasema kila mtu.

MAMA ANAJUA MAMBO AMBAYO MUHANDISI HAJUI

Wamama wengi wanasema, "Hayo ni mambo ya bakubwa, mimi sikusoma." Sikiliza. Muhandisi anajua simenti na vipimo. Lakini nani anajua saa ngapi mto unapanda baada ya mvua? Nani anajua mtaro gani unaziba kwanza, choo gani kinatoka nje, watoto wanaoga upande gani, wapi unaweza kuchota bila kuteleza? Nani anajua nyumba ambamo watu watatu walipata kolera mwaka ule? Ni wewe. Habari hizi hazimo katika ramani, na mpango usiokuwa nazo utaharibika.

Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, wamama watano au sita watembee pamoja kando ya mto, kutoka juu mpaka ziwani. Mara moja wakati wa kiangazi, mara moja siku inayofuata mvua kubwa, sababu ni mahali pawili mbalimbali kabisa. Musichukue watoto wadogo. Mukirudi, chukueni kijiti, mchore udongoni: mto huu, daraja hili, vyoo, mahali pa kufua, shamba la lengalenga na mateke, nyumba zilizo karibu sana na maji. Mtoto wa shule anaweza kuinakili katika daftari. Karatasi hiyo ina nguvu mbele ya mukubwa wa kartye kuliko makelele.

Andikeni pia kila mtu anayekula kutoka mahali pale. Kuna anayelima mboga. Kuna anayefua nguo za watu kwa malipo. Kuna anayekata matete ya kuuza, anayechimba mchanga, anayeosha magari, anayevua sambaza, na jamaa zinazolala pale sababu hazina pengine. Mpango unaosema tu "waondoke" umesahau swali moja: wataenda wapi? Mama mwenye watoto wanne atavunjiwa nyumba Juma Tatu. Juma Nne usiku atakuwa amejenga tena kwa mabati yale yale, metre 20 kutoka pale. Tumeona hivyo.

Mengi yanaweza kupangwa bila kumtupa mtu. Anayelima apewe ukingo wa tingatinga, si moyo wake, na apande vitu vinavyopikwa, si vya kula vibichi. Anayefua apewe mahali pa simenti karibu na bomba, ambapo maji ya sabuni yanakwenda katika shimo lenye mawe na mchanga. Anayekata matete aendelee kukata, kwa zamu, sehemu moja wakati nyingine inaota. Tena kukata kunasaidia, sababu matete yaliyozeeka yakianguka yanarudisha uchafu majini. Jamaa zilizo mahali pa hatari ya kweli ndizo za kuhamishwa, na hizo zilipwe kwanza, kisha nyumba ivunjwe. Si kinyume.

Lingine la muhimu ni watu wa juu. Mtu wa chini atapanda mafunjo mpaka achoke, kama mtu wa juu analima kilima bila kuzuia udongo, na kama soko la juu linatupa takataka mtaroni, tingatinga litajaa matope na sashe kwa mvua mbili. Udongo wa vilima vyetu unateleza. Wakaaji wa Funu hawahitaji kufundishwa hilo. Na tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope, watu zaidi ya 400 wakafa kwa siku moja. Kwa hiyo kikao cha tingatinga lazima kiite watu wa kilima pia: wapande miti na majani ya kushika udongo, waweke wavu wa chuma katika mtaro kabla ya mto, na wachague nani atatoa takataka zilizonaswa, siku gani, na analipwa na nani. Wavu usiotolewa takataka unaleta mafuriko. Tafadhali muulize swali la mshahara wa mtu huyo mapema. Miradi mingi ina franga za kujenga lakini haina franga za kufagia.

SIKU YA KIKAO

Kikao kikiitwa saa tatu asubuhi, wamama wako sokoni au shambani. Ombeni kiitwe baada ya saa tisa, au Siku ya Mungu baada ya ibada. Kikifanywa kwa Kifaransa peke yake, simama useme kwa adabu: "Tunaomba mutuelezee na Kiswahili, na Mashi kwa ajili ya wazee." Hakuna haya. Aliyeleta ramani ndiye mwenye kazi ya kuieleza.

Tunajua pia kwamba mama hasemi sana mbele ya baba mkwe na shefu. Mutu atamwambia, "Wewe, nani alikuuliza?" Basi ombeni wamama waketi kwanza peke yao, wachague wawili wa kuwasemea. Mmoja awe anayekaa karibu na maji kabisa, si mke wa mtu mkubwa anayekaa juu.

Ulizeni wazi: ni nyumba gani zinaguswa, na mpaka uko wapi kwa mguu, si kwa karatasi? Malipo ni kiasi gani, yanatoka lini, yanaandikwa kwa jina la nani? Hapa muwe macho sana. Mara nyingi jina linaloandikwa ni la baba, na kama baba hayupo, au ana nyumba mbili, mama aliyejenga kwa kuuza mkaa anabaki na mikono mitupu. Wakati mafunjo yanaota, maji ya kunywa yatatoka wapi? Mashimo yatafunikwa lini? Na baada ya mradi kwenda, ufunguo wa kazi unabaki kwa nani?

Yote yaliyokubaliwa yaandikwe, na yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatia kidole. Usitie kidole juu ya karatasi tupu, hata kama umepewa sabuni au limonade. Na mtu akikuomba franga kusudi jina lako liwe katika orodha, huyo si wa mradi, au kama ni wa mradi, ni mwizi.

WAKATI TUNAPONGOJA

Mafunjo yanahitaji miezi mingi kushika, na mpango wenyewe unaweza kuchukua miaka. Watoto hawawezi kungoja. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yabubujike vizuri, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kikombe chenye mkono mrefu. Maji ya ziwa, hata yakiwa meupe, ni ya kuchemshwa. Mikono ioshwe kwa sabuni au majivu baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Si kweli kwamba hakina ubaya.

Mtoto akianza kuharisha, usimnyime maziwa ya mama wala chakula. Mpe maji ya chumvi ya pakiti kutoka kituo cha afya. Kama hakuna pakiti, chukua litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo kila mara anapoharisha. Yakibaki kesho, mwaga utengeneze mapya. Zinki aimeze siku 10 mpaka 14 hata kama amepona siku ya tatu.

Macho yakiingia ndani, utosi wa mtoto mchanga ukibonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta ikichelewa kurudi, analia bila machozi, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo, njoo mara moja, mchana au usiku. Kama ni mtu mkubwa anayeharisha maji kama maji ya mchele, usingoje kabisa: inaweza kuwa kolera, na kolera inaua kwa saa chache. Tena ukifika, tuambie unachota maji wapi. Hatuulizi kwa kukulaumu. Wagonjwa watatu wa ghuba moja katika juma moja ni habari ambayo kikao cha tingatinga kinapaswa kusikia, nasi tutaipeleka pamoja nanyi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA KABLA YA KUPIMA WATOTO

1. Mto au mtaro ulio karibu nawe unaingia ziwani mahali gani? Nani amewahi kuufuata mpaka mwisho?

2. Kati ya wanaokula kutoka tingatinga la kwenu, nani angepoteza zaidi kama lingefungwa kesho? Mungemwomba mradi amfanyie nini?

3. Nani anakaa juu yenu katika kilima, na mulizungumza naye lini juu ya maji yake?

4. Wawili gani kati yenu mungewatuma kikaoni, na nani atabaki na watoto wao siku hiyo?